Kabla fundi hajaifungua injini: barua kwa mwanangu aliyeko Jambiani

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema tangu kusi lianze pikipiki yako ya Honda haiwaki asubuhi mpaka uipige kiki utoke jasho, na ikishawaka, ukiachia gesi tu inazima. Fundi wa hapo kijijini kakwambia ringi zimekwisha, yaani zile pete za pistoni, anataka aishushe injini aifungue. Unaniuliza umwachie, au uiuze uongeze pesa ununue mpya. Na mwisho kabisa ukauliza kama unaweza kuitengeneza mwenyewe.

Unaweza. Hilo ndilo jibu langu la kwanza. La pili ni kwamba injini hiyo asiifungue mtu yeyote mpaka ujue mambo matatu: petroli inafika, plagi inatoa moto, na silinda ina kompresheni, yaani inabana upepo ndani bila kuvuja. Wewe ni mkunga. Humpeleki mama chumba cha upasuaji kabla hujampima presha na kusikiliza mapigo ya mtoto. Basi na chombo nacho kipimwe kwanza.

Sisemi fundi ni mwongo. Lakini ringi haziishi kwa usiku mmoja. Huisha polepole, na zikiisha zinajionyesha: moshi wa buluu nyuma, oili inapungua, mlima unaanza kuwa mrefu. Wewe umeniandikia kwamba moshi hakuna na oili iko pale pale. Tena hiyo ni CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mizigo na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Valvu zake husukumwa na vijiti, haina ile cheni ndefu ya ndani ya kulegea na kupiga kelele. Nilikuwa nayo miaka yote ya ubwana shamba, Konde, Micheweni mpaka Kengeja, na njia za wakati ule unazikumbuka. Injini ile ni ngumu. Vinavyoharibika ni vitu vidogo vilivyoizunguka.

Anza na petroli. Najua kituo cha mafuta kiko mbali na mara nyingi unanunua ya chupa njiani, na sikulaumu. Lakini dumu la muuzaji limekaa nje mvua zote, na maji yakiingia kwenye petroli hayachanganyiki nayo, yanazama. Yanazama kwenye tangi, kisha kwenye bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na pale chini ndipo jeti, yaani kijitundu cha kupimia mafuta, inapovutia. Fanya hivi: itoe Honda nje, mbali na jiko, injini ikiwa ya baridi. Funga koki ya petroli chini ya tangi. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Weka glasi ya kioo chini yake, ilegeze, petroli yote itoke. Halafu inyanyue glasi uitazame kwenye mwanga. Maji yakiwemo utayaona chini kabisa, yamejitenga, na ukiinamisha glasi yanateleza peke yake. Kutu ya tangi utaiona kama unga mwekundu. Glasi hiyo moja itakwambia mengi kuliko maneno ya watu kumi barazani.

Ukikuta uchafu, kabureta ishuke, wala usiogope. Dalili ulizoniandikia, kukataa asubuhi na kuzima ukiachia gesi, ndizo hasa dalili za jeti ndogo kuziba. Jeti kubwa inalisha injini ukiwa mwendoni, ndogo inalisha wakati wa kuwasha na wakati gesi imeachiwa. Ndiyo maana ikishika njia inakwenda vizuri. Ringi zilizokwisha zisingekuchagulia hivyo.

Tandika kitambaa cheupe kwenye sinia, na kila kitu unachokifungua kipange kwa zamu kilivyotoka. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Skrubu ya hewa ya ubavuni, kabla ya kuitoa, ifunge taratibu mpaka igote, ukihesabu mizunguko, uandike, kisha ndiyo uitoe. Utairudisha kwa hesabu ile ile. Na jambo ambalo mafundi wengi hawalijali: skrubu za Kijapani zina msalaba unaofanana na wa bisibisi ya kawaida, lakini si ule ule. Bisibisi ya kawaida inateleza na kula kichwa cha skrubu, halafu mtu anaanza kupiga patasi. Tafuta bisibisi inayokaa mpaka chini bila kucheza, igandamize kwa nguvu kuliko unavyoizungusha. Ikigoma, gonga mpini wake kwa nyundo ndogo kidogo kidogo, kisha jaribu tena.

Jeti ni ya shaba, laini, na tundu lake dogo mno. Ishike kati ya vidole uielekeze mbinguni: tundu safi linaonyesha kiduara cha mwanga kisicho na pembe. Ukiona limepinda au halionyeshi kitu, limeziba. Usiingize waya wala sindano, kwa sababu ukilipanua hata kwa unywele mmoja, Honda itakunywa mafuta maisha yake yote. Iloweke kwenye petroli safi, halafu ipulize kwa pampu ya baiskeli. Kwenye baadhi ya kabureta jeti ndogo imepachikwa haitoki. Usiilazimishe, ipulize humo humo ilipo. Mipira na gasketi usiziloweke, zitavimba. Na kabla ya kurudisha, fungua koki uone petroli inashuka kutoka tangini kwa mfululizo. Ikidondoka tone tone, chujio la ndani ya koki limeziba, au tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefungwa na vumbi na chumvi.

Sasa moto. Toa plagi kwa spana yake ya milimita 18 na kwanza isome rangi. Ya kahawia, kama kahawa yenye maziwa mengi, ni salama. Nyeusi na kavu kama masizi ni mafuta mengi au chujio la hewa chafu. Nyeupe ni hewa inaingia mahali isipotakiwa, mara nyingi kwenye gasketi ya kabureta. Nyeusi yenye utelezi wa oili, hapo ndipo fundi wako anaanza kuwa na hoja. Isugue kwa brashi, nafasi ya kuruka moto iwe kati ya milimita 0.6 na 0.7, irudishe kwenye kofia ya waya wake, ilaze bodi yake kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Uishike kwenye mpira tu. Piga kiki ukiwa kivulini. Moto wa buluu unaolia ni mzima. Wa njano uliolegea ni dhaifu. Badilisha plagi kwanza kabla hujashuku kitu kingine.

Na kama moto unakuja na kupotea, nitakwambia ninachokishuku: chumvi. Jambiani mnatazama bahari ya wazi, na kusi likivuma linaleta mvuke wa chumvi mpaka kwenye shuka. Unaingia kwenye soketi za nyaya na kwenye swichi. Kwenye Honda za CDI kama hiyo, yaani zenye kiboksi cha umeme kinachoamuru moto wa plagi, kuna waya mweusi wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye swichi. Kazi yake ni kuzima: ukigusana na bodi, yaani chuma cha pikipiki, moto unakatika. Swichi ikiliwa na chumvi, inagusisha yenyewe, hasa asubuhi kukiwa na umande. Chomoa soketi ya waya huo, piga kiki tena plagi ikiwa nje. Moto ukirudi, ugonjwa ni swichi, wala si koili, wala si CDI, na hakika si ringi. Urudishe ukimaliza, maana bila waya huo ufunguo hautaizima injini.

Waya wa kijani kwenye Honda ndio wa bodi. Ufuate mpaka ulipofungwa kwenye fremu, fungua nati, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, kisha paka vaselini juu yake. Hiyo vaselini unayo kazini na nyumbani. Soketi zote fanya hivyo hivyo: safisha, kausha, unganisha, paka kidogo. Na kila Ijumaa mwagia Honda maji baridi ya bomba kwa ndoo, chini kote na kwenye spoki, uifute. Usielekeze maji kwenye kabureta wala kwenye vitovu vya magurudumu.

La mwisho katika yale matatu ni kompresheni. Plagi ikiwa imefungwa, sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Inatakiwa ifike mahali ikatae, uhisi kitu kinakusukuma urudi. Ikipita laini bila kukataa, toa plagi, dondoshea oili kidogo ndani ya tundu, kama kijiko kidogo kimoja, zungusha injini kidogo, rudisha plagi ujaribu tena. Kiki ikiwa nzito ghafla, oili imeziba pengo la ringi, basi fundi alisema kweli na mimi mwenyewe nitamlipa. Ikibaki laini vile vile, upepo unatokea kwenye valvu, na hapo bado usifungue injini: pima tapeti, yaani nafasi ndogo iliyo juu ya kila valvu. Zikibana sana, valvu haifungi mpaka mwisho. Kwenye CG ziko mbili tu, chini ya kifuniko cha juu. Injini iwe baridi kabisa, alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ikae sawa na alama ya bodi, valvu zote mbili zikiwa zimelegea, na nafasi iwe milimita 0.08. Kazi hii ya kwanza ifanye na fundi akiwa pembeni, wewe ukishika kipimo.

Hayo mengine unayajua. Oili ya injini ni kama mililita 900, injini ikiwa ya moto kidogo, na uangalie kopo liwe na alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humo humo na oili za baadhi ya magari huifanya iteleze. Cheni icheze kama sentimita mbili katikati. Breki: ukifungua gurudumu usipulize vumbi lake kwa mdomo, shu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, lifute kwa kitambaa kibichi ukitupe.

Kuna ambayo sitaki uyaguse: beringi za injini, kuchomelea fremu, na kunyoosha uma wa mbele unaoshika gurudumu ukipinda. Hayo mpe fundi mwenye vifaa, na ukae naye uone.

Sasa la kuuza. Mpya haina ubaya, na kama pesa unazo sitakuzuia. Lakini usiuze kwa sababu ya kabureta. Vipuri vya CG utavipata mpaka vijijini, kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina zimechukua injini ile ile. Peleka tu kipuri cha zamani dukani ukilinganishe, maana vinafanana kwa sura na kutofautiana kwa vipimo. Kitakachonifanya niseme uiuze ni fremu. Toa kiti, chukua bisibisi, gongagonga chini ya kiti, chini ya tangi, panapofungwa stendi, na mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kutu ya juu inasuguliwa na kupakwa rangi. Lakini bisibisi ikizama, au ukisikia sauti ya bati badala ya bomba, usiipande tena hata kama injini inaimba. Wewe unaitwa usiku wa manane, kiza, mkoba wa kazi mgongoni, na kuna mama anakusubiri mwisho wa njia ya mawe. Sitaki ubebwe na chuma kilichooza.

Mjomba wako anavuka na meli Jumanne. Nimempa plagi mpya, D8EA, spana yake, kile kipimo cha tapeti, na bisibisi yangu ya Kijapani yenye mpini mwekundu. Kabla hajafika huko, anza na glasi leo jioni kabla jua halijazama. Kisha nipigie picha mbili: glasi yenyewe, na ncha ya plagi. Fundi mwambie kwa adabu kwamba baba amesema asubiri mpaka wiki ijayo.

Wasalaam,
Baba yako