Mtoto katoka mweupe kuliko wazazi: kaka wa Kasulu, nakujibu kwa yaliyonikuta

Kaka yangu wa Kasulu, nimesoma maelezo yako nikayarudia tena usiku. Kwa ambao hawajayaona, kwa kifupi mkewe anafanya kazi kwenye shirika linalohudumia wakimbizi kule Nyarugusu, ofisini wapo wazungu, mtoto kazaliwa mweupe nywele zimelala, kaka zake wanamwambia hiyo damu siyo ya kwetu, na yeye anauliza kama anaweza kukata nywele za mtoto kimyakimya azipeleke Dar zikapimwe kama mtoto ni wake. Wengi mmemjibu kiume. Mi namjibu kama mke, maana yanayomkuta huyo dada na mimi yalinikuta.

Mi kwetu Ujiji, nimeolewa Tabora. Mume wangu Mnyamwezi, mweusi haswa, na mimi sio mweupe. Mtoto wetu wa kwanza alitoka mweupe mpaka manesi wakawa wanaitana kuja kumwangalia. Sasa mtaani kwetu kulikuwa na duka la Mwarabu nikichukua mchele na mafuta pale, mwisho wa mwezi mume analipa, basi hiyo ikatosha kuwa ushahidi. Wifi yangu alikuja kumwona mtoto, akamgeuza huku na huku, akauliza "huyu kamfuata nani?" Mama mkwe yupo, majirani wapo, mume wangu yupo. Akanyamaza.

Wanaume mnadhani mkinyamaza hamjasema kitu. Wifi alinituhumu na nikaweza kumvumilia, wifi ni wifi, lakini yule aliyelala na mimi, anayejua natoka saa ngapi narudi saa ngapi, alipoinamia simu yake kama hajasikia, hapo ndo moyo ulipasuka. Na uzazi kaka sio wakati wa kawaida, nina mshono, maziwa yanatoka kwa shida, usingizi hakuna, nikawa naamka usiku namwashia mtoto tochi ya simu namchunguza masikio, vidole, pua, natafuta alama ya baba yake, mimi ambaye najua fika sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Tuhuma inakufanya mpaka wewe mwenye ukweli uanze kutafuta ushahidi. Mkeo sasa hivi yuko hapohapo, hata kama hajakwambia. Unasema siku hizi amekuwa mkimya, unashangaa nini?

Haya rangi yenyewe. Watoto wetu weusi wengi huzaliwa weupe au wekundu, rangi ya mwili inaendelea kutengenezwa baada ya kuzaliwa, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, ndo maana bibi zetu hawaangalii uso, wanaangalia ncha za masikio na pembeni ya kucha. Nywele za kuzaliwa nazo zinadondoka zinaota nyingine. Halafu rangi haibebwi na jeni moja, ziko nyingi, mtoto anachota huku na kule, anaweza kuwapita wazazi wote wawili kwa weupe au kwa weusi. Na umeandika mwenyewe kwamba bibi yako mzaa mama alikuwa mtu wa Ujiji! Kaka, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji 1871 Waarabu walishakuwa wamejenga pale, misafara inatoka pwani inapita Tabora inakuja ziwani inavuka kwenda Manyema, huko Kongo, na hao watu walioa, walizaa, wengine walizaa na watumwa ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka. Tabora hivyohivyo, nenda Kwihara, hapo karibu na mji, ukaulize ukoo. Damu hiyo imo kwenye familia nyingi ambazo leo ukiwatazama hudhanii kabisa.

Umetaja na grupu la damu, wewe O mtoto B. La mkeo hujalitaja. Kama yeye ni B au AB basi hakuna cha ajabu hapo, mtoto kachukua kwa mama. Uliza kwanza, limeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Na kama nywele ni za njano na macho yanachezacheza, mpelekeni kwa daktari amwangalie ualbino, ule unatoka kwa baba NA mama wote wawili, wewe pia unakuwa umebeba. Hili nalisema kwa uzito sababu kanda zetu hizi tunajua watu wenye ualbino wamefanyiwa nini, mtoto wa hivyo anahitaji baba aliyesimama imara, asiwe baba anayenong'ona na kaka zake.

Kwetu iliishaje? Nilipanda treni na mtoto nikarudi Ujiji. Mume alipokuja kunifuata, baba mdogo hakumgombeza, alimkalisha barazani akamsimulia ile hadithi ya bedui aliyekwenda kwa Mtume akasema mke wangu kazaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza una ngamia? Ninao. Rangi gani? Wekundu. Hamna wa kijivu ndani yake? Wamo. Wametoka wapi? Akasema labda ni asili imewavuta. Akaambiwa basi na mwanao huenda ni asili imemvuta. Wewe sijui dini yako, lakini ona wasiwasi huu ulivyo wa zamani, na pale ilikuwa kinyume, mtoto mweusi kwa wazazi weupe.

Mume wangu alirudi na sisi Tabora, akaita mama yake na dada zake, mimi nimekaa palepale, akasema huyu ni mwanangu na mwenye swali aniulize mimi. Mtoto alikuwa BADO mweupe siku hiyo. Ndo maana nilimwamini. Baadaye alikolea akawa baba yake mtupu, watu wakanyamaza, wifi akaanza kumwita "kaka", lakini lile lisingenisaidia kitu kama mume angesubiri rangi ndo imwambie kwamba mimi ni mwaminifu.

Sasa kipimo. Hizo nywele za siri ziache. Vinasaba (DNA) vina sheria yake tangu 2009, kazi hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, hapokei mtu na bahasha yake, unapita ustawi wa jamii, wakili au mahakama, na kwa kawaida wanataka sampuli za baba, mama na mtoto. Kwa hiyo siri yenyewe haipo. Kama una sababu nyingine zaidi ya rangi, kitu ulichokiona kwa macho yako, mkalishe mkeo umwambie kwa mdomo wako, mkikubaliana kupima mwende pamoja. Ila kwenye maelezo yako yote sijaona hata sababu moja isiyokuwa rangi na maneno ya kaka zako.

Na ile karatasi ya kizazi, ya kuandikishia mtoto, uliyosema umeiweka kabatini mpaka uwe na uhakika, itoe. Kuandikisha mtoto muda wake ni siku 90 tangu azaliwe, wako ana wiki tano tu. Waite kaka zako nyumbani wiki hii, mkeo akiwepo, sema mbele yao kwamba huyu ni mwanao, halafu Jumatatu nenda kamwandikishe mtoto kwa jina lako.