Kirikuu au Kenta?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninahama kutoka Nkuhungu kwenda Iyumbu, hapa Dodoma. Nina vitanda viwili, kabati la milango mitatu, jokofu na seti ya sofa. Je, kirikuu, ile pikapu ndogo, inatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa vyombo hivyo tungekushauri ukodi Kenta, yaani lori dogo, kwa sababu kirikuu ya kawaida imetengenezwa kubeba takribani kilo 350 tu, na ingawa madereva wengi huzidisha bila wasiwasi, utalazimika kulipia safari mbili au tatu ambazo jumla yake huenda ikazidi bei ya gari kubwa. Pima kwanza kabati lako, kisha ulinganishe na bodi ya gari, maana kabati lisilofunguka vipande ndilo huamua. Jokofu lisafiri likiwa wima. Likilazwa, lisimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Hakikisha gari lina turubai na kamba imara, kwani vumbi la Dodoma halina huruma msimu wa kiangazi, na mvua huanza kwa kawaida mwezi Desemba. Mkubaliane mapema, ikiwezekana kwa maandishi, iwapo bei inajumuisha wapakiaji na wapakuaji.