Jibu: Raidi ya Kituruki kwa mpiga drams wa kwaya

Kaka, umeuliza uagize raidi (lile toazi kubwa la kushikilia mapigo) ya inchi 22 nyembamba au nzito, maana hapo Dodoma unapigia kwaya na sebene lenu ni la nguvu. Chukua ya unene wa kati. Ile nyembamba wanayoipenda watu wa jazi hutandaza mvumo. Chini ya paa la mabati mapigo yako yatamezwa, na ukiichapa sana ukingoni itapasuka. Kwa bei yake, inauma.

Watengenezaji wa matoazi wa Uturuki, Istanbul Agop, Istanbul Mehmet na Bosphorus, hutumia zaidi mchanganyiko wa shaba asilimia 80 na bati 20, kwa hiyo madini yasikusumbue. Tazama uso wake. Toazi lililogongwa nyundo nyingi na kuachwa bila kuchongwa mistari huwa na sauti kavu: kijiti kinasikika wazi, mvumo unakufa upesi. Kwa kanisa lenye mwangwi, ningeenda na hilo bila kusita.



Halafu, kazi ya mkono hailingani, hata kwa matoazi mawili ya jina moja. Mwombe muuzaji akurekodie lile lile atakalokutumia. Akikataa, tafuta mwingine.