Mkuu, usianzie nyuma: mgongo wangu ndio ushahidi

Mkuu, swali lako la gofu nimelisoma lote, ila macho yaliganda kwenye ule mstari uliouchomeka katikati kama jambo dogo tu: kwamba wewe na wenzako watatu, wastaafu wote, mmekubaliana kuanzia alama za nyuma kabisa, yaani vibao vya kuanzia vilivyo mbali zaidi na shimo, "ili tucheze gofu yenyewe, siyo ya kitoto". Hayo mengine, fimbo mpya au za mtumba, kutembea au kupanda kigari, pointi mzihesabu vipi wakati uwezo unatofautiana, yatasubiri. Huo mstari ufute kwanza. Sikuombi. Ufute.

Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka sita iliyopita. Na sisi tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mstaafu, mhasibu mstaafu ambaye mpaka leo kalamu haijamtoka sikioni, na jirani yangu aliyekuwa dereva wa malori. Tulikuwa tunakutana Jumanne na Ijumaa asubuhi. Siku ya kwanza kabisa, tukiwa tunajivuta kuelekea shimo la kwanza, akatokea mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akatutazama tunavyoelekea alama za mbele, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maegesho: "Zile ni za akina mama."

Basi. Sentensi moja hiyo. Wanaume wanne watu wazima, wajukuu wetu ukiwajumlisha wanajaza basi dogo, tukacheka cheko la aibu na kurudi nyuma kama mbuzi waliotishiwa fimbo. Mwalimu pekee ndiye aliyeuliza, "Kwani imeandikwa wapi?" Tukamwambia anyamaze.

Haijaandikwa popote, mkuu. Sheria za gofu hazisemi alama ipi ni ya mwanamke, ipi ya mwanamume, wala ipi ya umri gani. Ni vibao viwili vilivyochomekwa ardhini kukuonyesha pa kuanzia, na rangi ni uamuzi wa wenye uwanja. Tena nilikuja kugundua baadaye kwamba yule mzee mwenyewe alishaacha kucheza zamani. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi na kugawa ushauri. Nikimkumbuka mpaka leo meno yananisagika.

Wa pili katika daftari langu la madeni ni muuzaji wa fimbo. Nilipoona mipira yangu haifiki kokote, nikadhani tatizo ni fimbo. Yule kijana akanitazama mabega, akasema, "Mzee, wewe bado una nguvu." Ukisikia maneno hayo dukani, shika pochi yako kwa mikono miwili. Akaniuzia draiva, ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, uso wake umeinama nyuzi 9 tu na mpini mgumu, ile ya vijana wanaozungusha kama feni. Mtu wa umri wetu anayezungusha polepole anahitaji kinyume chake: uso wa fimbo ulioinama zaidi ili mpira upae, na mpini laini unaomsaidia kuurusha. Hilo sikuambiwa. Nilipewa risiti na tabasamu.

Sasa nikupeleke shimo la 12, maana ndiko gharama yenyewe ilikotokea.

Ukisimama nyuma kabisa, mbele yako kuna bwawa. Kulivuka kunataka mpira uruke yadi 170 hivi hewani kabla haujagusa ardhi. Mimi, siku nimelala vizuri na upepo uko nyuma yangu, naurusha yadi 160. Piga hesabu mwenyewe. Mhasibu alishaipiga. Wiki ya tatu alituonyesha kwenye kadi kwamba shimo lile peke yake limemeza mipira yetu mingi kuliko mashimo mengine yote kwa pamoja. Tulimcheka. Tukaendelea kulilisha bwawa mara mbili kwa wiki kama tuliopewa zamu.

Ijumaa moja nikapiga wa kwanza, majini. Wa pili, majini. Nyuma yetu kundi jingine lilikuwa limeshafika, vijana wanne, mmoja ameegemea fimbo yake na mikono ameikunja, ule mkao wa mtu anayevumilia wazee. Jirani akaniambia taratibu, "Kapigie kule mbele, bwana, nani anakuhesabia?" Nikamjibu, "Huu wa mwisho." Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Kile kijiti cha kuwekea mpira kilikuwa cheupe, kimepasuka kichwani, kimeinama upande kidogo. Nikakinyoosha kwa kidole. Nikavuta pumzi. Nikazungusha kwa nguvu zote nilizokuwa nazo na nyingine za kukopa.

Kiunoni nikasikia kitu kama kamba ya begi inavyokatika ikiwa imebeba mzigo. Hakikuuma mara moja. Kwanza miguu ilikataa, nikajikuta nimepiga magoti kwenye nyasi, mkono mmoja bado umeshika fimbo. Na mpira? Mpira ulisogea hatua mbili, ukasimama unanitazama. Yule kijana aliyekuwa amekunja mikono ndiye aliyekuja mbio kuninyanyua. Aliniita baba. Nilipenda aniite jina lolote isipokuwa hilo.

Miezi minne, mkuu. Wiki tatu za mwanzo kuvaa soksi ilikuwa mradi wa familia. Daktari alinichorea uti wa mgongo kwenye karatasi, akanieleza kwamba kiuno ndicho kinachoongoza kwa kuumia kwa wachezaji wa gofu wa kawaida kama sisi, kwa sababu kinapindishwa kwa kasi mara nyingi siku moja, na mtu akilazimisha nguvu asizokuwa nazo anakimalizia kabisa. Akaniuliza, "Nani alikutuma upige kwa nguvu hivyo?" Nikakosa jibu. Ningemjibu nini? Vibao viwili vya plastiki?

Lakini mgongo siyo hasara kubwa. Mgongo umepona, karibu wote. Hasara kubwa ni Jumanne na Ijumaa zetu. Niliporudi sikukuta kundi. Jirani alikuwa ameshaungana na wengine, na huwezi kumlaumu. Mhasibu aliacha kabisa. Aliniambia alichoka kutumia saa tano kwa raundi moja, nusu yake ikiwa kutafuta mipira vichakani na kuwapisha watu. Na mwalimu, yule aliyeuliza imeandikwa wapi, alikuwa amehamia kwa binti yake mbali. Raundi yetu ya mwisho pamoja ndiyo ile niliyoimalizia magotini, na hata shimo la 18, la mwisho, hatukulifika. Nimewahi kupoteza pesa kazini, nimewahi kupoteza cheo. Hii inaniuma zaidi, na chanzo chake ni maneno matano ya mtu wa kwenye benchi.

Sasa hesabu, maana najua wewe ni mbishi, nimeona majibu yako kwenye mada nyingine humu jukwaani. Mwaka 2011 USGA (chama cha gofu cha Marekani) na PGA of America (chama cha wataalamu wa gofu wa hukohuko) walianzisha kampeni ya kuwahimiza watu wasogee mbele, wakatoa na mwongozo. Anayepiga draiva yadi 275 ndiye wa uwanja ambao mashimo yote 18 yana jumla ya yadi 6,700 hadi 6,900. Anayepiga yadi 200 anafaa uwanja wa yadi 5,200 hadi 5,400. Sisi tulikuwa tunapiga chini ya 200 kwenye uwanja wa 6,700! Yaani tulivaa viatu namba 45 kwa miguu ya namba 39, halafu tukalalamika kwamba barabara mbaya.

Kama hujui unapiga umbali gani (na hujui, kila mwanaume anajiongezea yadi 30), kuna njia ya mkato: chukua umbali unaoupata kwa kawaida na fimbo ya chuma namba 5, zidisha kwa 36. Ukipiga yadi 140 unapata 5,040. Tafuta kwenye kadi ya uwanja alama ambazo jumla yake iko karibu na hapo, anzia hapo. Nimesema umbali wa kawaida, siyo ule mmoja wa mwaka juzi uliogonga jiwe ukaendelea na safari.

Na usiniletee habari za Sam Snead, yule bingwa wa gofu wa Marekani. Najua alimaliza raundi kwa mikwaju 67 akiwa na miaka 67, mwaka 1979, kwenye mashindano ya PGA Tour, yale ya wachezaji wa kulipwa, na siku ya mwisho akapiga 66 (kwenye gofu mikwaju michache ndiyo sifa). Snead alikuwa Snead. Wewe umeandika mwenyewe kwamba mara ya mwisho kushika fimbo ulikuwa bado una nywele.

Nilivyorudi, nilianzia mbele. Siku ya kwanza niliangalia nyuma mara tatu kama mwizi wa kuku. Shimo la 12, bwawa lilelile, kutoka mbele ni yadi 90 tu kulivuka. Nikapiga nusu nguvu, mpira ukapita juu ya maji ukatua kwenye nyasi fupi, na wa pili nikaupiga kwa chuma namba 7 mpaka kwenye grini, ile sehemu ya nyasi laini yenye shimo. Nilisimama pale kama mtu aliyeokota simu. Kumbe uwanja ule una grini unazoweza kuzifikia kwa mikwaju miwili! Miezi yote ile nilidhani ni hadithi. Na raundi nzima niliimaliza kwa chini ya saa nne.

Wenzako wakibisha, msigombane. Siyo lazima wote muanzie sehemu moja. Mwenye nguvu aanzie nyuma, wewe mbele. Mfumo wa handikapu wa dunia (handikapu ni namba ya mikwaju ya nyongeza unayopewa kulingana na uwezo wako) uliopo tangu 2020 unarekebisha tofauti hiyo kulingana na alama ulizoanzia, na unapokea mpaka handikapu ya 54, kwa hiyo hakuna mbovu wa kutupwa nje. Kama hamna handikapu, chezeni kwa pointi za Stableford, yaani pointi kwa kila shimo badala ya kujumlisha mikwaju yote, na mpeane mikwaju ya nyongeza kwa makubaliano. Shimo likikushinda unaokota mpira, unapata sifuri, mnasonga. Mpira ukipotea, utafuteni dakika 3 tu. Zile 5 za zamani ziliondolewa 2019. Lakini hayo yote ni mapambo kama mmeanzia nyuma, narudia.

Kuhusu fimbo nimeshakwambia usinunue ya kijana. Kulikuwa na swali jingine la kigari, na kama sikosei uliuliza pia habari za viatu, au ilikuwa glavu. Wakuu wengine watakujibu, mimi nimekaa kwenye hiki kiti zaidi ya nusu saa na kiuno kimeanza kuniita.