Muziki wa vinanda vya kale kwenye bendi ya matarumbeta: angalia sauti inapofia

Mkuu, umesema umechukua wimbo wa kinanda wa miaka ya 1600, mkono wa kulia ukawapa klarineti, wa kushoto tromboni na besi, bendi ikatoa uji mzito. Na mimi nilianguka hapohapo, nikiwa na bendi ya kanisa hapa Dodoma. Wimbo wangu ulikuwa "The Bells" wa William Byrd, Mwingereza aliyefariki 1623.

Kinanda cha zama zile si piano. Ukibonyeza, ncha ya unyoya inadonoa waya, sauti inaruka kali halafu inafifia. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga ilimba wa Kigogo anaijua hali hiyo: dole gumba likishaachia chuma, sauti inaanza kuondoka. Tarumbeta haliondoki mpaka pumzi iishe. Noti nne ambazo kwenye kinanda zinapishana mlangoni, kwenye bendi zinajazana chumba kimoja. Dawa yangu ilikuwa kukata nusu ya noti ndefu za sauti za kati na kuandika kimya mahali pake. Uji ukaisha siku hiyohiyo.

Yale madoido ya vidole nayo yapunguze. Mengi yalikuwepo kuziba pengo la sauti inayokufa, na tromboni haina pengo hilo. Waachie klarineti. Mbio ndefu za noti wagawie wawili wapokezane: wa pili aingie juu ya noti ya mwisho ya mwenzake, la sivyo utasikia tundu pale mtu anapovuta pumzi.

Ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima unasimamia, si kazi kubwa. Nilishusha kutoka C hadi B flati. Vyombo hivi huandikiwa noti tofauti na inayosikika, kwa hiyo tarumbeta wanasoma C, sakisofoni alto wanasoma G, funguo nyepesi zote mbili, hakuna wa kulalamika.

Kilichonitesa ni besi. Wimbo ule umejengwa juu ya noti mbili tu, do re, do re, kuanzia mwanzo. Nilimpa zote kijana wa tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, midomo imemkauka, katikati ya zoezi akashusha tuba mapajani: "Mwalimu, huu wimbo unaishaga lini?" Kesho yake do nikampa yeye, re nikampa wa baritoni, ndugu mdogo wa tuba, upande wa pili wa ukumbi. Hapo ndipo nilipozisikia kengele mbili zikijibizana, na kijana akapata pa kupumulia.

Gordon Jacob, mtunzi Mwingereza, aliwahi kuupanga wimbo huu kwa bendi, ndani ya mkusanyo wake wa nyimbo za Byrd wa mwaka 1923. Ukiupata, tazama nani amenyamazishwa na wapi. Mimi nilijifunza zaidi hapo kuliko kwenye noti zenyewe.

Ngoma kubwa niliificha mpaka kipande cha mwisho. Mpigaji wake alininunia wiki nzima.