Mweleze Shangazi Kabla ya Mtahini

Nilipofanya CP3 mara ya kwanza, ule mtihani wa mawasiliano wa Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, chama cha wataalamu wa hesabu za bima na pensheni, nilianguka. Karatasi ngumu za hesabu nilikuwa nimezipita, nikadhani kumwandikia barua mtu asiyejua mambo ya pensheni ni kazi nyepesi. Nikaijaza "thamani ya sasa", "kiwango cha punguzo" na fomula juu yake. Msomaji alitaka kujua jambo moja tu: mbona nikichukua pesa zangu mapema napewa kidogo?

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, anayeuza mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Jumamosi moja nilimkuta amepiga magoti akikata kamba za bale. Nikamuuliza kwa nini chamani kwao, wanapochangishana na kupokezana pesa kwa zamu, kila mtu anagombea zamu ya kwanza, na wote kumi na wawili watapokea shilingi 60,000 zilezile. Hata kichwa hakuinua. "Wa kwanza anafungua bale, anauza, anafungua lingine. Wa mwisho akipata zake, bale limeshapanda bei."

Thamani ya sasa ndiyo hiyo, na mfumuko wa bei umo ndani.

Kwa hiyo anza na jambo ambalo msomaji analifanya mwenyewe, kisha mpe tarakimu moja: shilingi 100,000 za miaka 5 ijayo ni kama 62,000 za leo, iwapo pesa zinazaa asilimia 10 kwa mwaka. Papo hapo mwambie kwamba hiyo 10 ni makadirio, na ikishuka, hizo 62,000 zinaongezeka. Usimfiche ukiogopa kumchanganya. Mtu huyu anapanga uzee wake kwa barua yako.

Suala la umri linataka upole zaidi. "Unatarajiwa kuishi hadi miaka 80" ni sentensi inayomtisha mtu bure. Eleza kwamba hesabu ni ya kundi kubwa la watu wa rika lake: wengine hawatafika, wengine watapita, na pensheni ya maisha itaendelea kulipwa maadamu yu hai.

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini nilipojiandaa kuurudia, kila barua ya mazoezi nilimsimulia shangazi kwa Kiswahili huku akikunja sweta. Sentensi iliyonishinda kuitafsiri, mara nyingi yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu. Na pale alipoacha kunisikiliza akaita mteja, nilitia alama ya penseli. Barua ya kwanza ilirudi nyumbani na alama tisa.