Ukianza kusoma ukoo wa Habsburg, fuatilia vifo pamoja na harusi

Wengi wanaoanza kusoma ukoo wa Habsburg, ukoo wa watawala wa Ulaya, wameshasikia kwamba watu hawa walijipatia Ulaya kwa kuoana. Si uongo, ila ukishika hilo peke yake utapotea mapema. Harusi haikumpa mtu nchi. Nchi zilikuja kwa mikataba ya ndoa, kisha misiba. Kwa hiyo unapochora mti wa ukoo, usiandike mwaka wa ndoa ukaishia hapo. Andika pia nani alikufa, lini, na kama aliacha mtoto.

Chukua Hispania. Maximilian I, mtawala wa ukoo wa Habsburg, aliwaozesha watoto wake wawili kwa watoto wa Isabella na Ferdinand, watawala wa Hispania. Philip alimwoa Juana mwaka 1496, na Margaret akaolewa na Juan, mrithi wa ufalme, mwaka 1497. Wakati ule ndoa yenye uzito ilikuwa ya Margaret, maana Juana alikuwa na kaka na dada mbele yake. Lakini Juan akafariki mwaka huohuo, na mimba aliyomwachia Margaret haikuleta mtoto hai. Dada mkubwa wa Juana akafa mwaka 1498 akimzaa Miguel, na Miguel naye akafa mwaka 1500. Hivyo ndivyo urithi ulivyomfikia Juana, na baadaye mwanawe aliyezaliwa Ghent mwaka huo wa 1500. Kaa na miaka hii michache mpaka uweze kuisimulia bila kitabu. Ukiielewa, habari ya jinsi Hungaria ilivyowafikia Habsburg baada ya mfalme wake, Louis II, kufa vitani Mohács mwaka 1526 haitakusumbua.

Mtoto huyo wa Ghent ndiye Carlos I kwa Wahispania na Karl V katika Dola Takatifu la Roma, muungano wa nchi za Ulaya ya kati chini ya kaisari. Ni mtu mmoja. Hispania aliirithi, lakini ukaisari ulikuwa cheo cha kupigiwa kura na wakuu saba, na ushindi wake wa mwaka 1519 uligharimu fedha nyingi, nyingine zikiwa mkopo kutoka kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg. Cha kurithi na cha kuchaguliwa viandike mbalimbali katika daftari lako, tangu siku ya kwanza.

Kuna sehemu nakuomba usiisome harakaharaka. Mariana wa Austria alichumbiwa na Baltasar Carlos, mrithi wa Hispania. Kijana akafariki mwaka 1646. Mwaka 1649 Mariana, akiwa na miaka 14, akaolewa na baba wa marehemu mchumba wake, Mfalme Philip IV, aliyekuwa na miaka 44 na ni mjomba wake wa damu. Binti yao Margarita naye akaozwa kwa mjomba wake, Kaisari Leopold I. Mtoto wa kiume wa Philip na Mariana, Carlos II, aliishi na maradhi, akafa mwaka 1700 bila mtoto, na Ulaya ikapigania urithi wake hadi 1714. Hawa ni watoto waliotumiwa kulinda mali ya ukoo, na mwanafunzi asiyeliona hilo bado hajausoma mti wake.

Mwisho, Maria Theresa wa Austria. Mwaka 1740 alirithi nchi za baba yake, lakini hakuwahi kuchaguliwa kaisari. Aliyechaguliwa mwaka 1745 ni mumewe Francis, aliyekuwa ameiachia nchi yake ya Lorraine ili ndoa yao ikubaliwe. Watoto wao uwaandike Habsburg-Lorraine.